Twaulizwa Maoni Juu ya Mambo Tusiyoelezwa

Miaka michache iliyopita nilihudhuria kikao cha kukusanya maoni ya wananchi kuhusu mradi uliopangwa kujengwa kando ya bahari, kaskazini mwa Mombasa. Mradi wenyewe sitautaja, maana haukuendelea na wahusika hawapo hapa kujitetea. Kikao kilifanyika katika darasa la shule ya msingi. Soda zilikuwako, maandazi yalikuwako, na ilikuwako karatasi ya mahudhurio ambayo kila aliyeingia alihimizwa aitie sahihi kabla hata hajakaa. Mezani palikuwa na ripoti ya mradi, nakala moja tu, nene, imeandikwa Kiingereza mwanzo hadi mwisho.

Mtaalamu aliyeletwa alikuwa kijana mstaarabu, mwenye heshima zake. Alizungumza kwa nusu saa. Alisema mradi utaleta ajira, utaleta barabara, na kwamba athari zake kwa mazingira ziko ndani ya viwango vinavyokubalika. Kisha akauliza kama kuna mwenye swali.

Akasimama mzee mmoja mvuvi. "Mwanangu," alisema, "umetwambia mtachota maji ya bahari mpozee mitambo, kisha mtayarudisha. Yatarudi na joto gani? Na kusi kikivuma yatasukumwa upande gani, maana hapo mbele ndipo samaki wanapozalia?"

Kijana akaifungua ripoti, akafunua kurasa, akafunua tena. Mwisho akatoa jibu lile lile: viwango vinavyokubalika. Mzee akamuuliza, "Vinavyokubalika na nani?" Watu wakacheka. Mwenyekiti akasema muda umekwenda, na tukanywa soda. Baadaye nilisikia kuwa kikao kile kiliandikwa kwamba wananchi walishirikishwa na hawakuwa na pingamizi kubwa.

Nimekaa na kisa hiki kwa muda mrefu, na kadiri ninavyokifikiria ndivyo ninavyoona kwamba tatizo la siku ile halikuwa kunyimwa nafasi ya kusema. Nafasi tulipewa. Katiba ya 2010, kifungu cha 10, imeweka ushirikishwaji wa wananchi kuwa miongoni mwa maadili ya taifa. Kifungu cha 69 kinaitaka serikali ihimize wananchi washiriki katika kulinda mazingira. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na cha 35 haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kwa karatasi, Mkenya ana haki ambazo wengi duniani hawana. Lakini mtu akikuuliza maoni yako juu ya jambo ambalo hajakueleza ukalielewa, amekupa kalamu utie sahihi gizani.

Wapo wanaosema sayansi ni ya wenye digrii, na mwananchi wa kawaida kazi yake ni kupiga kura kila baada ya miaka mitano. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama maamuzi ya kisayansi yangeishia maabara. Hayaishii huko. Moshi huingia kwenye nyumba ya mtu, maji huingia kwenye kisima chake, na bili ya umeme humfika kila mwezi kwenye simu. Kisa cha Owino Uhuru kinaonyesha gharama ya kutoelezwa, nami nitakaa nacho kidogo kwa sababu kilitokea hapa hapa kwetu.

Risasi katika damu

Owino Uhuru ni mtaa wa watu wapatao 3,000 katika eneo la Jomvu, Mombasa. Kuanzia mwaka 2007, kiwanda kilichopakana na nyumba za watu kilikuwa kikiyeyusha betri kuukuu za magari ili kutoa madini ya risasi. Wakaazi walilalamikia moshi uliowachoma macho na maji yaliyotoka kiwandani yakapita mtaani. Watoto waliugua, wanawake walipoteza mimba, mifugo ilikufa. Kwa miaka kadhaa malalamiko hayo yalibaki kuwa malalamiko tu.

Mwaka 2009 Phyllis Omido aliajiriwa na kiwanda hicho kushughulikia uhusiano wake na jamii, na mojawapo ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kufuatilia tathmini ya athari za mazingira. Tathmini ilionyesha hatari. Haikufuatwa. Kisha mwanawe mchanga akaugua. Akatibiwa homa hii na homa ile, asipone, hadi palipotokea wazo la kupima risasi katika damu yake. Ikapatikana. Maziwa ya mama yake ndiyo yaliyompelekea sumu.

Msomaji anaweza kushangaa ilikuwaje madaktari wasiione mapema. Sababu iko katika tabia ya madini yenyewe. Risasi haina alama yake peke yake. Mtoto huumwa na tumbo, hukosa damu, huchoka, huwa mkali au mzito wa kushika mambo, na dalili zote hizo zafanana na za maradhi tuliyoyazoea Pwani. Mwilini, risasi hujifananisha na kalsiamu, ile inayojenga mifupa. Mwili huipokea kama mgeni anayemfahamu, ukaihifadhi katika mifupa na meno, na mama akiwa mjamzito au akinyonyesha huitoa tena pamoja na kalsiamu na kumpa mtoto. Shirika la Afya Duniani linasema watoto wadogo hufyonza risasi mara nne hadi tano zaidi ya watu wazima kutoka kiasi kile kile walichomeza. Inapofika kwenye ubongo unaokua, madhara yake hayarudi nyuma.

Omido hakuishia kwa mwanawe. Alipeleka watoto wengine watatu wa mtaa wakapimwe, na wote wakakutwa na risasi iliyozidi. Jambo hili hunigusa kila nikilikumbuka, kwa sababu hapo ndipo kilio cha mama mmoja kilipogeuka ushahidi. Mtoto mmoja anaweza kuwa na bahati mbaya. Watoto wanne wa mtaa mmoja wana sababu moja, na sababu hiyo inatafutika. Hakuhitaji shahada ya kemia ili afikirie hivyo. Alihitaji kujua kwamba kitu kinapimika, kwamba kipimo kimoja hakitoshi, na kwamba lazima ulinganishe.

Yaliyofuata yalichukua miaka. Omido aliandamana na wakaazi, akakamatwa mwaka 2012 na kushtakiwa, na mahakama ikamwachilia. Kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamua wakaazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa iliitengua fidia hiyo mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Hesabu mwenyewe: mtoto aliyezaliwa mwaka kiwanda kilipofunguliwa alikuwa na umri wa miaka 17 hukumu hiyo ya mwisho iliposomwa.

Sasa turudi kwenye maneno ya yule kijana wa ripoti, viwango vinavyokubalika, kwa sababu historia ya risasi inayaumbua vizuri.

Risasi katika damu hupimwa kwa mikrogramu katika kila desilita. Mikrogramu ni gramu moja iliyogawanywa mafungu milioni moja, ukachukua fungu moja. Desilita ni sehemu ya kumi ya lita, kama nusu kikombe. Nchini Marekani, katika miaka ya 1960, daktari hakuwa na wasiwasi na mtoto mpaka afikishe mikrogramu 60. Mwaka 1985 kiwango kilishushwa hadi 25. Mwaka 1991 kikawa 10. Mwaka 2012 kikawa 5, na mwaka 2021 kikawa 3.5. Leo Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa hakina madhara. Ukitaka kujua tunazungumzia kitu kidogo kiasi gani, chukua mtoto wa miaka mitatu hivi, ambaye damu yake ni kama lita moja. Kipimo chake kikiwa 5, risasi yote iliyomo katika damu yake ina uzito unaokaribia chembe moja ya chumvi ya mezani. Chembe moja.

Kwa hiyo mtoto wa mwaka 1965 mwenye mikrogramu 40 aliambiwa yuko salama, na mtoto wa leo mwenye 4 mama yake anaitwa hospitali. Mwili wa mtoto haukubadilika. Kilichobadilika ni kile ambacho watu wamekijua, na kile ambacho wenye mamlaka wamekubali kukitamka. Mwaka 1979 daktari Mmarekani aitwaye Herbert Needleman alichapisha utafiti alioufanya kwa meno ya utotoni yaliyong'oka, yale ambayo sisi tukiyarusha juu ya paa. Aliyapima meno ya watoto wa shule na kukuta kwamba waliokuwa na risasi nyingi zaidi menoni walifanya vibaya zaidi katika majaribio ya akili, ingawa hawakuwahi kuonekana wagonjwa. Wenye viwanda vya risasi walimpiga vita kwa miaka mingi, hata akatuhumiwa udanganyifu. Uchunguzi haukumkuta na kosa hilo.

Kuna watu hapa kwetu ambao wakisikia kiwango kimetoka 60 kikafika 3.5 husema, "Mwaona? Wanasayansi hawana msimamo, jana hivi na leo vingine." Mimi nayasoma kinyume chake. Mtu ambaye kipimo chake hakibadiliki hata anapoletewa habari mpya ndiye wa kuogopwa. Na mwananchi anayejua historia hii, akiambiwa kwamba jambo liko ndani ya viwango, atauliza maswali matatu papo hapo: viwango vya nani, vya mwaka gani, na vilipimwa kwa nani, kwa mtu mzima au kwa mtoto? Hiyo ndiyo elimu ya sayansi ninayoizungumzia. Haihitaji mtu akariri jedwali la elementi.

Kwasasi

Lamu inatupa mfano wa pili, na huu ulikwenda tofauti kwa sababu wakaazi waliwahi kabla moshi haujaanza.

Mpango ulikuwa kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe huko Kwasasi, wa megawati 1,050, si mbali na mji mkongwe ambao UNESCO iliuweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Mamlaka ya mazingira, NEMA, ilitoa leseni mwaka 2016. Wakaazi kupitia muungano wa Save Lamu walikata rufaa kwenye Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 baraza likaifuta leseni hiyo.

Sababu zake zinafaa kusomwa polepole. Baraza halikusema kwamba makaa ya mawe ni haramu. Lilisema kwamba mikutano iliyofanywa na wananchi ilitangulia ripoti, kwa hiyo watu hawakuwahi kuelezwa yale ambayo ripoti ilikuja kuyagundua. Yaani waliulizwa kuhusu mtambo kabla ya mtu yeyote kujua mtambo utawafanya nini. Lilisema tena kwamba ripoti ilikuwa na mapengo, kwa mfano katika maelezo ya namna makaa na majivu yake yatakavyohifadhiwa, na kwamba sheria ya mabadiliko ya tabianchi ya mwaka 2016 haikuzingatiwa.

Suala la majivu laonekana dogo mpaka ulielewe. Makaa ya mawe yakichomwa, kinachobaki hakilingani na jivu la kuni za jikoni. Ndani yake mnakuwa na zebaki, aseniki na hata ile ile risasi ya Owino Uhuru, kidogo kidogo katika kila kilo. Lakini mtambo wa ukubwa ule huchoma maelfu ya tani kwa siku, kwa miaka ishirini na zaidi. Kidogo mara nyingi ni kingi. Hayo majivu yangewekwa wapi, shimo lake lingezibwa na nini chini, na mvua ya masika ikija, au bahari ikipanda, yangeelekea wapi? Aliyeuliza hivyo Lamu alikuwa akiuliza swali la kihandisi, awe anajua neno hilo au hajui.

Lilikuwapo pia swali la hesabu tupu. Mwaka huo wa 2019, Kenya nzima, saa ya jioni ambapo kila nyumba imewasha taa, ilitumia chini ya megawati 2,000. Mtambo mmoja wa 1,050 ni zaidi ya nusu ya hiyo. Katika mikataba ya namna hii mwenye mtambo hulipwa kwa kuwa tayari kutoa umeme, hata usipohitajiwa. Nani angelipa? Wewe na mimi, tokeni baada ya tokeni. Hesabu hiyo aweza kuifanya mwanafunzi wa darasa la sita, lakini lazima kwanza apewe nambari mbili aziweke pamoja. Kwenye mikutano mingi tunapewa moja. Tunaambiwa 1,050, twashangilia ukubwa, hatuambiwi 2,000.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, 2018, Mahakama Kuu ya Malindi ilikuwa imeamua wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara waliyoipata kutokana na ujenzi wa bandari mpya. Uchimbaji wa njia ya meli hutibua matope, matope huziba mwanga, na matumbawe na nyasi za baharini zisipopata mwanga hufa. Wavuvi walijua maeneo yaliyoharibika kwa sababu walikuwa wakiyavua. Ujuzi wa aina hiyo umetajwa katika Katiba yenyewe: kifungu cha 11 kinaitaka serikali itambue mchango wa sayansi na wa teknolojia za kienyeji katika maendeleo ya taifa, vyote viwili katika mstari mmoja. Nahodha anayejua mkondo unavyogeuka kaskazi kinapoingia ana data ya miaka arobaini kichwani. Kinachokosekana ni mtu wa kuiandika na kuipeleka panapoamuliwa mambo.

Uvumi hutudhoofisha

Nisije nikaonekana nasema wananchi daima wako sahihi na wenye miradi daima ni waongo. Hapana. Sisi nasi tuna yetu.

Wakati wa chanjo ya Covid-19 simu yangu ilijaa ujumbe kwamba sindano ile ina kifaa cha kumfuatilia mtu, kwamba inaua uzazi, kwamba ni njama. Ulitumwa na watu ninaowaheshimu, baadhi yao walimu. Hakuna hata mmoja aliyeandika nani kapima na kapima vipi. Tulioikataa risasi ya Owino Uhuru kwa sababu ya vipimo tulikuwa tayari kuikataa chanjo bila kipimo chochote.

Au chukua mjadala wa mtambo wa nyuklia uliokuwa umependekezwa Uyombo, Kaunti ya Kilifi. Wakaazi walikuwa na hofu za haki, na mwaka 2024 waliandamana. Lakini katika vijiwe vya kahawa nilisikia zaidi habari ya kwamba mtambo utalipuka kama bomu la Hiroshima. Hilo haliwezekani, na sababu yake ni rahisi. Urani ya mitambo ya kawaida ya umeme huongezwa nguvu kufikia asilimia 3 hadi 5 tu ya ile aina inayopasuka, ilhali ya bomu hufikishwa karibu asilimia 90. Mtambo wa umeme hauwezi kuwa bomu la atomiki, kama vile maji ya dafu yasivyoweza kulewesha kama tembo.

Hiyo haina maana kwamba hauna hatari. Chernobyl mwaka 1986 na Fukushima mwaka 2011 ilikuwa ajali za kweli, na watu walihamishwa makwao kwa maelfu. Maswali yenye meno yalikuwa mengine. Fueli iliyotumika, ambayo hubaki na mionzi kwa maelfu ya miaka, itawekwa wapi na kwa gharama ya nani? Maji ya kupozea yatarudi baharini yakiwa na joto gani, karibu na mikoko ya Mida na hifadhi ya bahari ya Watamu? Siku ya ajali, watu wa Uyombo watatoka kwa barabara ipi? Ofisa akisimama mbele ya umati unaopiga kelele za Hiroshima, kazi yake imerahisishwa: ataueleza umati kwa tabasamu kwamba mtambo haulipuki kama bomu, na atakuwa amesema kweli, na ataondoka bila kuulizwa habari ya fueli. Uvumi humpa mwenye mradi swali jepesi la kujibu.

Tena tusemezane ukweli. Katika vikao vingi swali la kwanza kutoka kwetu huwa ni la nauli. Siwalaumu sana, mtu ameacha kibarua chake kuja kukaa saa nne kwenye kiti cha mtoto wa darasa la pili. Lakini wanaotuita wamelijua hilo, na bajeti ya soda na nauli huandaliwa kwa uangalifu kuliko muhtasari wa ripoti.

Suala la lugha

Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwa kifungu cha 7 cha Katiba ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kanuni za tathmini ya mazingira za mwaka 2003 zinasema mwenye mradi aeleze mradi na athari zake kwa mabango, kwa gazeti na kwa redio, katika lugha rasmi na za kienyeji, afanye angalau mikutano mitatu na jamii itakayoathirika, na awepo mtu wa kuandika maoni yanayotolewa kwa mdomo pamoja na tafsiri zake. Sheria iko. Lakini ripoti zenyewe zimekuwa za Kiingereza cha wataalamu, na mkalimani wa siku hiyo huwa ni kijana yeyote aliyemaliza kidato cha nne na yuko karibu.

Nimewahi kupewa kazi hiyo ya ukalimani, na naikumbuka kwa aibu. Nilikuta sentensi zinazosema kwamba athari kwa viumbe wa baharini zitakuwa za wastani na za muda. Niliitafsiri hivyo hivyo, neno kwa neno, na mama mmoja anayeokota pweza akaniuliza muda huo ni wa mwezi mmoja au wa miaka kumi. Sikujua. Ripoti nayo haikusema. Ndipo nilipoelewa kwamba neno la kitaalamu mara nyingine hukaa mahali pa jibu, na ukilazimika kulieleza kwa Kiswahili cha watu, pengo laonekana.

Ningependa kuona muhtasari wa Kiswahili wa kurasa kumi kwa kila mradi mkubwa, utolewe wiki mbili kabla ya kikao, usomwe misikitini na makanisani na kwenye ofisi za vikundi vya wavuvi. Na msomaji asiwe mtu wa mwenye mradi. Pwani tuna Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, tuna Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, tuna taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI, ambayo makao yake makuu yako hapa Mombasa. Wote hao wanalipwa kwa kodi zetu. Mtafiti mmoja wa bahari akikaa Jumamosi moja na wavuvi wa kijiji, na ripoti mkononi, atakuwa amefanya kazi ambayo semina kumi za hotelini hazijafanya.

Kabla hayo hayajaja, kuna yanayowezekana leo. Ripoti ya tathmini inapotangazwa, kwa kawaida wananchi hupewa siku 30 kutoa maoni, na maoni ya maandishi yana uzito kuliko kelele za ukumbini kwa sababu hayapotei. Leseni ikishatolewa, sheria ya mazingira inatoa siku 60 za kukata rufaa kwenye baraza lile lile lililofuta leseni ya Kwasasi. Sheria ya kupata habari ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu ombi lako, na saa 48 ikiwa habari hiyo inahusu uhai au uhuru wa mtu. Ombi halihitaji wakili. Barua ya ukurasa mmoja yatosha, iwe na tarehe, na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri.

Siku ile ya kikao cha shuleni, tulipotoka nje, nilimfuata yule mzee nikamuuliza kwa nini, kati ya mambo yote, alichagua kuuliza joto. Wakati huo sikuwa najua kwamba matumbawe huishi karibu kabisa na mwisho wa joto wanaloweza kulistahimili, na kwamba bahari ikizidi nyuzi moja tu juu ya kiwango cha kawaida cha msimu wa joto, kwa wiki kadhaa mfululizo, hupauka na mengi yakafa. Sikujua pia kwamba hivyo ndivyo ilivyotokea pwani yetu mwaka 1998.

Mzee alikuwa na chupa ya soda mkononi, hajaifungua. "Mwaka wa tisini na nane," aliniambia, "tulizama tukakuta miamba yote imekuwa meupe kama chokaa. Maji yalikuwa ya moto hata huku chini. Samaki wa pale hawakurudi mpaka mwanangu wa mwisho alipooa. Basi mimi nilitaka kujua tu haya ya kwao yatakuwa moto kuliko yale, au yatapungua."